Koti la baridi kwa sisi wa basi na treni: zito moja au nyepesi tatu?

#1 Msafiri wa Alfajiri
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja. Nimeshawishika kwamba makoti mengi ya baridi yameshonwa kwa ajili ya mtu mwenye gari, na sisi wa usafiri wa umma tunayanunua tu kwa sababu hatuulizi.

Safari yangu iko hivi: dakika 12 kwa miguu, kusubiri kituoni dakika 5 hadi 20 kutegemea dereva kaamkaje, basi dakika 35, treni, halafu dakika 8 za miguu tena. Nina koti refu la manyoya ya bata, linafika magotini. Kituoni niko kama mfalme. Ndani ya basi, kabla hata ya kituo cha tatu, mgongo umeshaloa. Kulivua siwezi: nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika begi. Nikishuka, lile jasho linapigwa na upepo, natetemeka kuliko aliyevaa sweta.

Juzi nimemwona kijana amevaa jaketi jembamba la kuzuia upepo juu ya flisi, lile sweta laini la nyuzi za plastiki. Tulisubiri basi lilelile, wala hakutetemeka. Kwetu ni nyuzi -5 hadi -12, na upepo upo. Nakosea wapi?

#2 Kobe Mvivu
Nakaa hapa pembeni nasubiri wajuzi. Mimi navaa kila nilichonacho, kisha naomba Mungu.

#3 Mzee wa Behewa
Mleta uzi, tatizo lako si koti, ni hesabu. Mtu aliyekaa tuli anatoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja ya zamani. Akitembea kwa haraka anakaribia wati 300. Sasa wewe ndani ya asubuhi moja unakuwa watu watatu: wa wati 300 njiani, wa wati 100 na ushee kituoni kwenye nyuzi -10, na wa hizohizo 100 na ushee ndani ya basi lenye nyuzi 20.

Kuna kipimo cha joto la nguo kinaitwa clo, kipo tangu 1941. Clo 1 ni nguo zinazomtosha mtu aliyekaa tuli kwenye chumba cha nyuzi 21. Ukisimama kwenye baridi yako unataka mara tatu ya hapo na zaidi. Ukianza kutembea, nusu yake inakutosha. Ukiingia kwenye basi, hiyo clo 1 inakutosha. Hakuna koti moja linaloweza kazi zote tatu. Vaa tabaka tabaka, uwe unapunguza.

#4 Mbishi Mkuu
Shikamoo Mzee. Hesabu nzuri, lakini hilo somo la tabaka ni la wapanda mlima. Mwenzetu wa mlimani ana jiwe la kukalia na mkoba wa kutia sweta. Mimi kwenye basi la saa moja asubuhi nimebanwa kama dagaa kwenye gunia. Nianze kuvua nguo ya kwanza, ya pili, kiwiko kwenye jicho la abiria mwenzangu? Watanishusha.

Koti zito moja, lakini liwe na zipu ya njia mbili, inayofunguka juu na chini. Mlango wa basi ukifunguka tu, mkono mmoja unashusha ya juu mpaka tumboni, na ya chini inapanda mpaka kiunoni. Dakika mbili kabla ya kushuka, funga. Nimemaliza.

#5 Dada Sweta
Namuunga mkono Mbishi kwa mara ya kwanza tangu nijiunge hapa. Zipu ya njia moja kwenye koti refu ni balaa hata bila joto. Ukikaa kwenye kiti mapaja yanavuta kitambaa, mzigo wote unaishia kwenye meno ya chini. Langu liliachana mkutano mzima unaniangalia, nikashuka nimelishika kwa mikono kama kanga.

#6 Nungunungu
Nyote mmemruka yule kijana wa kituoni. Siri yake ni upepo tu. Kwenye nyuzi -10, upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, mwili unahisi kama -20. Ndiyo hesabu ya Kanada na Marekani, walioifanyia marekebisho mwaka 2001. Yeye amezuia upepo, basi amejirudishia nyuzi 10 bila kubeba kilo hata moja ya manyoya. Wewe umenunua unene, mwenzio kanunua ukuta.

#7 Mbishi Mkuu
Nungunungu, pole pole. Hiyo hesabu ya 2001 ni ya uso ulio wazi, mtu akitembea. Haisemi lolote kuhusu mgongo ulio ndani ya koti. Koti la mleta uzi nalo linazuia upepo, manyoya hayawekwi kwenye chandarua.

#8 Nungunungu
Sawa, ya uso nakubali. Lakini sogea hapo kwenye flisi. Flisi peke yake upepo unapita kama kwenye wavu, joto lote ulilolikusanya linaondoka. Ukiweka juu yake kitambaa kisichopitisha upepo, hata kiwe chembamba kama karatasi, ni nguo nyingine kabisa. Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia, uzi kazi yake ni kuishika isikimbie. Hapo hunitoi.

#9 Kipepeo wa Theluji
Mnabishana bure. Nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Vaa kofia nzuri, halafu koti lolote.

#10 Mzee wa Behewa
Binti yangu Kipepeo, hiyo ya nusu ni hadithi ya zamani. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, na joto linalopotea hapo ni kama kiasi hichohicho. Ingekuwa nusu, kutembea bila suruali na kutembea bila kofia kungekuwa sawasawa. Jaribu wiki hii utuletee majibu.

#11 Kobe Mvivu
Mzee 😂😂 nimemwaga chai kwenye kibodi.

#12 Kipepeo wa Theluji
Haya Mzee, nimejirudi. Lakini msitupe kofia yangu pamoja na nusu yake. Niambieni, kwenye basi lililojaa unaweza kuvua nini kwa mkono mmoja bila kumgusa mtu? Kofia. Skafu. Glavu. Nikipanda navua hivyo vitatu, natia kwenye mfuko mkubwa wa koti, shingo inapata hewa, na jasho halianzi. Koti sijaligusa. Hapo ndipo mnapopaswa kuweka hela, na koti lenyewe liwe la wastani.

#13 Mbishi Mkuu
Hii ya #12 imenikera kwa sababu ni kweli.

#14 Chura wa Mvua
Habari za humu. Mnaongelea baridi kavu tu. Kwetu ni nyuzi 1 hadi 3, theluji iliyochanganyika na mvua, na basi likipita linakurushia tope la barafu. Manyoya ya bata yakiloa yanashikana kama mkia wa kuku aliyenyeshewa, hewa yote inatoka, unabaki na mfuko wa maji mabegani. Na maji yanapitisha joto kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia.

Mimi nilihamia kwenye ujazo wa sintetiki, yaani nyuzi za kiwandani badala ya manyoya. Ni mzito kidogo, haubanwi ukawa mdogo kama manyoya, ila ukiloa bado unashika sehemu ya joto. PrimaLoft, moja ya majina makubwa ya ujazo huo, walianza miaka ya 1980 kwa kazi ya jeshi la Marekani, lililotaka mbadala wa manyoya usioogopa maji. Mwanajeshi naye anasubiri sana nje, kama sisi.

#15 Fundi Cherehani
Chura kasema kweli, ila tatizo la mleta uzi si mvua ya nje, ni ya ndani. Nashona na kurekebisha makoti, acheni niongee.

Watu wanakimbilia makoti yenye utando usiopitisha maji, kama Gore-Tex. Historia yake ni nzuri. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore alivuta kipande cha PTFE, aina ya plastiki, yenye joto kwa nguvu na kwa ghafla, ikarefuka badala ya kukatika, ikawa na vitundu visivyohesabika: tone la maji halipiti, mvuke unapita. Mwaka 1976 ikaingia kwenye nguo. Sasa sikilizeni. Mvuke haupiti kwa kuwa utando una huruma. Unapita kwa sababu ndani ya koti pana joto na unyevu kuliko nje. Mlimani tofauti hiyo ni kubwa, koti linafanya kazi. Ingia kwenye basi lililojaa, madirisha yameshika ukungu, watu hamsini wanapumulia hewa moja. Tofauti imekwisha. Jasho litatoka kwenda wapi? Muuzaji akikwambia linapumua, hakudanganyi, ila ndani ya basi limezibwa pua.

Ndiyo maana zipu za kwapani nazipa heshima kuliko utando wenyewe. Ukiinua mkono kushika bomba la juu, kwapa liko wazi kwa hewa. Sehemu hiyo inatoa jasho kweli.

#16 Mbishi Mkuu
Kwapa wazi, mkono juu, pua ya jirani usawa huohuo. Fundi, unatutakia mema kweli?

#17 Fundi Cherehani
Jirani yako tayari anakufahamu, Mbishi.

Halafu msisahau: kitambaa cha nje kikianza kunywa maji badala ya kuyatiririsha, si lazima koti limekufa. Lifue kama lebo inavyosema, kisha likaushe kwa joto kama lebo inaruhusu. Mara nyingi yale matone yanarudi kuteleza.

#18 Kobe Mvivu
Nina swali la kweli sasa. Kuna mtu kaniambia ninunue parka, lile koti nene lenye kofia. Nikamuuliza mke wangu, akasema mzio wake wa manyoya anao bado na paka hataki nyumbani. Tumezozana nusu saa kabla hatujaelewana.

#19 Dada Sweta
😂 Kobe unatuua. Mwambie shemeji hilo halinywi maziwa.

Nirudi kwenye mada. Hakuna aliyetaja koti la sufu. Ofisini kwangu siwezi kuingia nimevaa kama mpanda mlima. Sufu inanyonya mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imeloa, kwa hiyo lile jasho la basini linapata pa kukaa. Ninavaa koti la sufu la mapajani, ndani shati na sweta jembamba. Ubaya wake: zito, na likiloa linanuka zizi. Kwenye theluji kavu nalikung'uta tu mlangoni.

#20 Chura wa Mvua
Kwetu koti hilo lingefika ofisini lina uzito wa mtoto wa darasa la pili.

#21 Mama Kituoni
Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote, naona mnazungumza unene na mnasahau urefu. Mimi yamenikuta.

Nilikuwa na koti refu la vifundoni, la kujivunia. Siku hiyo treni imejaa, nimeingia wa mwisho, milango ikafunga na pindo la koti likabaki nje. Si kipande kidogo, ni kama mkono mzima. Nikasema haidhuru, kituo kijacho mlango utafunguka. Kituo kijacho milango ikafunguka upande wa pili. Kilichofuata, upande wa pili. Kituo changu mimi, upande wa pili! Nimekaa nimebandikwa mlangoni kama tangazo, watu wananiambia "samahani mama, pisha" nami siwezi kupisha. Nilishuka vituo viwili baada ya changu, pindo limepakwa uchafu wote wa reli.

Halafu ngazi za umeme: koti refu, begi, na meno yale ya chini yanayomeza. Sasa navaa linaloishia katikati ya paja. Linafunika makalio, kwa sababu kile kiti cha chuma cha kituoni hakina utani, na haliingii popote pasipo pake.

#22 Msafiri wa Alfajiri
Mama, pole sana, ila nimecheka hadi abiria wa pembeni kageuka. Langu la magotini limenitisha sasa.

#23 Kipepeo wa Theluji
Tukiwa kwenye mambo ya basini: mifuko. Kadi ya nauli iko mfuko wa ndani, juu yake zipu, juu yake skafu. Kila nikipanda nafungua kifua kizima kwenye upepo, na nyuma yangu foleni inaguna. Nimepata jawabu kwenye jaketi la mtu anayeteleza kwenye theluji. Yana kamfuko kadogo kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo, kwa ajili ya kadi ya lifti za mlimani. Natia kadi ya nauli hapo, nagusisha mkono kwenye mashine, napita. Simu na pochi vinabaki ndani, maana kwenye msongamano mfuko wa nje ni wa jumuiya.

#24 Nungunungu
Ongeza mkoba wa mgongoni. Mikanda inabana ujazo mabegani, mgongo nao umezibwa, ndiyo sababu mleta uzi analoa mgongo kwanza. Ukiingia kwenye basi uvue mkoba uushike chini. Utapunguza jasho na utaacha kuwapiga watu vichwa.

Na tafadhali, makoti meusi asubuhi ya giza, kituo kisicho na taa! Shona hata ukanda mmoja wa kuakisi mwanga. Dereva hawezi kusimama kwa mtu asiyemwona.

#25 Mbishi Mkuu
Kumbe ndiyo maana mabasi yananipita. Nilidhani ni chuki.

#26 Msafiri wa Alfajiri
Wakuu, narudi na taarifa. Nimefanya majaribio wiki nzima.

Jumatatu: koti langu zito, zipu wazi kama alivyosema Mbishi. Mgongo ulikuwa mkavu hadi nusu ya safari, kisha mtu mnene akasimama mbele yangu, zipu ikawa haina maana.
Jumanne: flisi na jaketi la upepo. Njiani safi, basini safi sana. Basi la kuunganishia likachelewa dakika 25, na dakika ya kumi na tano nilianza kucheza bila muziki.
Jumatano: sikwenda kazini.
Alhamisi: koti zito, kofia na skafu nimevua, mkoba chini kama #24. Sikuloa! Lakini kipasha joto cha basi kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo sijui nimshukuru nani.
Ijumaa: tabaka tatu za Mzee. Sweta moja nimeisahau kwenye treni.

#27 Mbishi Mkuu
Ijumaa ndiyo jibu. Koti zito halisahauliki.

#28 Mzee wa Behewa
Siku moja moja haithibitishi kitu, kijana. Halafu kuna moja hujajaribu: toka nyumbani ukiwa na baridi kidogo. Dakika 12 za kutembea zitakupasha zenyewe. Wewe unafunga zipu ukiwa sebuleni kwenye nyuzi 22, unatafuta funguo, unarudia simu, unashuka ngazi. Jasho umeshalianzisha ndani ya nyumba, basi linasingiziwa. Tembea zipu wazi, funga ukifika kituoni, kabla hujaanza kuhisi baridi.

#29 Nungunungu
Mzee hapo umetuchanganya. Mwanzo ulisema basi ndilo tatizo, sasa sebule?

#30 Mzee wa Behewa
Nilisema watu watatu, sikusema wa nne hayupo.

#31 Mama Kituoni
Na mimi nasema ni miguu. Mtu anayesubiri tuli juu ya zege lililoganda, baridi inapanda kwenye nyayo, vidole vinakufa ganzi, anadhani koti halitoshi, anaongeza koti. Likija basi, lile koti la ziada ndilo linalomchemsha. Soli nene na soksi za sufu zisizobana, ndipo uhukumu koti. Kiatu kikibana, hata soksi tatu hazisaidii, damu haifiki.

#32 Chura wa Mvua
Kwa wa treni za chini ya ardhi kuna jingine tena. London, zile njia za kina kirefu, udongo unaozunguka mahandaki umekuwa ukimeza joto la treni kwa zaidi ya miaka 100. Kule chini joto halina habari na majira ya juu. Wa njia hizo hata mkiongea soli, jukwaani hamna cha kutetemekea.

#33 Dada Sweta
Kwa hiyo wa basi wavae tofauti na wa treni, na anayeunganisha vyote viwili abebe kabati.

#34 Fundi Cherehani
Anayeunganisha aje kwangu nimbadilishie zipu.

#35 Kobe Mvivu
Fundi, kabla hujalala. Nimenunua lile ambalo si paka. Lina zipu ya njia mbili kama mlivyoagiza. Niko kituoni sasa hivi, basi naliona linakuja, na zipu imekwama hapa kifuani, haipandi haishuki. Nifanyeje?

#36 Fundi Cherehani
Usivute kwa hasira. Angalia kama imeuma kitambaa cha ndani, kitoe taratibu ukivuta pembeni. Kama haijauma kitu, sugua meno na ncha ya penseli, au kipande cha mshumaa, au hata sabuni kavu.

#37 Kobe Mvivu
Basi limekwenda. Penseli nimepewa na mtoto wa shule. Imefunguka.

#38 Kobe Mvivu
Sasa haifungi.